Kifungo chenye zawadi

Ukiirudia leo kwenye video sebuleni Buyenzi, Bujumbura, Big Brother Africa ya 2003, shindano la runinga lililoamuliwa kwa kura, inashangaza kwa jambo moja: washiriki 12 walifungiwa nyumba moja Afrika Kusini siku 106, na Cherise Makubale wa Zambia akatoka na dola 100,000, eti kwa uvumilivu. Burundi haikutuma mtu. Ingemtuma nani, nayo Bujumbura nzima ikifungiwa kila usiku kwa amri iliyodumu hadi 2006, na Julai ya mwaka ule makombora yakiangukia mjini? Utasema wale washiriki walijifungia kwa hiari, tena mbele ya kamera. Basi ndiyo hoja yenyewe: asiyechagua kifungo ndiye aliyestahili kura. Wabunge wa Malawi, kwa kulinda maadili, walitaka matangazo yakatwe. Bujumbura kazi hiyo ilifanywa na kukatika kwa umeme, bila mjadala.