Marashi ya Kaskazi

Kaskazi ikishika Mombasa, baba watoto haachi udi wake wa mafuta, udi wa usiku wa harusi, si wa matatu ya saa nane mchana. Mwaka huu watoto waligoma kuketi karibu naye. Mavyaa akaunga mkono mgomo: “Mwanangu, joto hili na udi havikai nyumba moja.”

Basi baba watoto akatumwa mjini akatafute marashi ya limau, yasiyozidi fungu nililotenga. Mdogo wangu, anayeuza manukato, alimuusia: “Shemeji, nyunyiza mkononi, zunguka mji kwanza, ndipo ununue. Karatasi ya kunusia haitoki jasho.” Baba watoto akanusa karatasi, akalipa, akapanda matatu. Harufu ikashuka vituo viwili kabla yake.

“Nimeuziwa maji!” alifoka kwenye simu. Mdogo wangu hakushtuka. Mafuta ya limau, chungwa na balungi ni mepesi, huruka upesi, na joto huyaharakisha. Hata chupa ya bei kubwa hukimbiwa vivyo hivyo. Ndiyo tabia yake tangu Mwitaliano Johann Maria Farina alipotengeneza marashi yake ya machungwa na malimau mjini Köln, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 18. Anayetaka yakawie atafute yaliyotiwa miski au mwerezi chini yake, au ajipake tena.

Ushauri ukaingia sikio hili, ukatokea lile. “Ndimu tunazo,” akasema, akaingia jikoni. Alijisugua maganda shingoni, akaenda kutazama mpira juani. Alinukia, sikatai, hata mavyaa alimsifu.

Baada ya siku mbili shingo ilikuwa nyekundu, kisha ikatoa malengelenge, kisha ikabaki na weusi wa vidole vitano. Mfamasia akauliza jambo moja tu: “Ulishika ndimu, ukakaa juani?” Maganda hayo yana furanokumarini, kemikali ambayo mwanga wa jua huiamsha ikaunguza ngozi. Watengenezaji wa manukato huiondoa au huipunguza sana kabla mafuta hayajaingia chupani. Chupa iliyotukanwa ilikuwa salama kuliko jiko langu. Majirani, walipoziona alama zile za vidole, walinitazama mimi.

Siku hizi marashi hunyunyizwa ndani ya shati, maana kitambaa hushika harufu kuliko ngozi yenye jasho. Mengine huhamishiwa kichupa cha mfukoni, ya kujipulizia alasiri. Udi umerudishwa zamu ya usiku. Chupa moja ya bei nafuu ingetosha kaskazi nzima, ila ilikuwa ikipungua kwa kasi isiyolingana na shati moja. Watoto walihojiwa, wakaapa. Tulikuwa bado tunawahoji mavyaa alipopita akienda harusini, leso yake ikinukia limau ukumbi mzima.

Kesi ikafungwa papo hapo, nami nikaongeza fungu la chupa ya pili.