Mgeni Asiyejaza Fishi

Kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Vibali vya Nyumba za Wageni, Goma.

Mimi ni mwenye vyumba vitatu hapa Keshero, karibu na ziwa, ninavyopangisha kwa usiku au kwa wiki, kwa yeyote atakayefika na dola zake. Watu wako walipita. Walihesabu vitanda, wakahesabu mashuka, wakauliza kama kibao cha barabarani kimelipiwa. Fishi ya kila mgeni waliikagua: jina, kazi, atokako, aendako. Kizima-moto walikiona ukutani, hawakuuliza kama kimejaa. Sikuwakumbusha.

Ila kuna mgeni mmoja aliyewaponyoka. Hana kitambulisho, hana rangi, hana harufu. Hutoka kwenye nyufa za mawe ya volkano usiku upepo ukitulia, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutafuta palipo chini: shimo, mtaro, chumba kilichochimbwa mteremkoni ili kitazame ziwa. Wataalamu humwita kaboni dayoksaidi. Wazee wetu walimwita mazuku, kabla serikali haijawa na muhuri. Huanza na kuku na mbuzi, maana pua zao ziko karibu na ardhi, kisha mtoto, kisha mtu mzima aliyetandikiwa godoro sakafuni.

Naelewa ugumu wenu. Atatozwaje? Stakabadhi yake itatoka benki gani, na mabenki ya Goma yalifunga milango Januari 2025? Hata Nyiragongo, volkano yetu, alishuka 1977, akarudi 2002 akapita katikati ya mji kama mwenye mji, akaja tena Mei 2021, na hakuna aliyemdai kibali.

Ombi langu ni maswali mawili tu kwenye fomu yenu, chini ya yale ya mashuka. Je, sakafu ya chumba iko chini kuliko uwanja wa nje? Je, kuna mnyama aliyekutwa amekufa hapo asubuhi bila jeraha? Nilifikiria kumkaribisha mkaguzi wenu alale chumba changu cha chini, bure, na chai ya asubuhi juu yangu. Nikaona haya, ana watoto.

Chumba hicho nimekitia kufuli tangu kuku wa jirani walipokutwa wamekufa mtaroni. Kodi yake bado nalipa, kwa sababu kwenye orodha yenu kina kitanda.