Namna ya kupamba nyumba kwa vitu chakavu ukiwa Goma

Siku hizi kila simu ina video ya mama mmoja wa Ulaya, kucha zake zimepakwa rangi, akigeuza ngazi kuukuu kuwa rafu ya maua. Anasema kazi hiyo hutuliza moyo. Nasi wa Goma tuna mioyo, na Mungu anajua inavyohitaji kutulizwa. Ndiyo maana ya mwongozo huu. Unafaa kwa nyumba ya mbao, ya mawe ya volkeno, hata ya shitingi. Una ugumu mmoja tu, nao uko kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Tafuta kitu usichokihitaji tena

Zunguka parsele nzima, chungulia uvunguni, panda darini. Ukikuta kitu kimelala pembeni, usikiguse kwanza; kina mwenyewe, na mwenyewe ana mpango nacho. Mlango uliovunjika ni meza ya kuuzia makala kuanzia juma lijalo. Bati lenye kutu limeshaahidiwa kwa choo cha shemeji. Mguu wa kiti unangoja viti vingine vitatu vivunjike, kitengenezwe kimoja kizima. Wanafunzi wengi hukwama hapa. Wanaotaka kuendelea waazime kitu kwa jirani, wakiweza kumshawishi.

Hatua ya 2: Bidoni ya manjano

Video inashauri: chukua bidoni ya lita 20, ikate, ipake rangi, panda maua. Ushauri mzuri, ila ngoja kwanza bidoni izeeke.

Ilikuja mjini imejaa mafuta ya kupikia. Mafuta yalipokwisha ikaajiriwa kazi ya maji: alfajiri foleni ya bomba, au ziwani kabisa, halafu safari ya kupanda juu ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kusukuma, imefungwa kamba pamoja na wenzake. Siku ikipasuka, usifurahi. Imeugua tu. Ipeleke kwa fundi.

Fundi anakaa kwenye kigoda, mbele yake babula yenye makala yaliyoshika moto barabara, na juu ya makala kimelala kisu. Anachonga utepe kutoka bidoni nyingine iliyokwisha kufa, anaulaza juu ya ufa, kisha anapitisha kisu taratibu, kwenda na kurudi, mpaka manjano ya huyu na manjano ya yule yashikane. Moshi unakaba koo. Yeye hakohoi, wewe unakohoa. Halafu anatia maji, anaipindua, anaweka kiganja chini kungoja tone. Kiganja kikitoka kikavu, lipa ubebe, foleni inakungoja.

Rudia hayo mpaka bidoni iwe na makovu mengi kuliko plastiki. Hapo ndipo inaruhusiwa kukatwa: nusu ya chini beseni la kuoshea sahani, nusu ya juu faneli ya kumiminia mafuta. Maua yatapata nafasi beseni likishapasuka, isipokuwa kuku wameomba chombo cha maji kabla yao.

Hatua ya 3: Kopo

Kopo la maziwa ya unga, wanasema, lafaa kuwekea kalamu. Kwetu kopo halikai chini kuangalia kalamu. Lile la Guigoz, maziwa ya watoto wachanga yenye asili ya Uswisi, liliingia sokoni likapandishwa cheo, likawa kipimo. Leo tunanunua maharagwe kwa gigozi, wala hakuna anayemkumbuka mtoto.

Sanaa ya mikono ipo kwenye kitako. Ukikigonga kidogo kutoka nje, kinaingia ndani kama kiganja, na gigozi inabaki gigozi kwa macho, ila si kwa sufuria. Somo hili tunalitoa kwa ajili ya elimu tu. Wauzaji waaminifu hawalihitaji, na wateja wazoefu hupitisha vidole chini ya kopo kabla ya kufungua pochi. Kopo dogo la nyanya, lisilo na cheo, litobolewe kifuniko, litiwe utambi: umepata koroboi ya usiku ule umeme unapokwenda zake.

Hatua ya 4: Kikwembe

Kikwembe cha tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, kina ratiba inayojulikana. Mwaka wa kwanza kinaandamana na akina mama barabarani. Wa pili kinakwenda kanisani, wa tatu sokoni. Baada ya hapo kinambeba mtoto mgongoni, kisha kinasokotwa kuwa ngata ya kubebea ile bidoni ya hatua ya 2. Vipande vinavyosalia vikusanye na vya wenzake, shona shuka ya viraka.

Simama hapo ujipongeze: kwa mara ya kwanza mwongozo huu umezaa pambo. Lipige picha upesi, kabla tantini hajafika kutoka Sake na kuuliza kwa upole, "Shuka hii, mwanangu, ina mtu?"

Hatua ya 5: Tairi

Usijisumbue. Tairi limeshagawanywa. Sehemu moja ni lugabire miguuni mwa mtu anayepanda kwenda shambani, sehemu nyingine imevishwa magurudumu ya chukudu, na kipande kidogo kimekuwa breki yake. Mpira wa ndani umekatwa kamba za kufungia mzigo. Miji mingine huwapandisha majenerali na farasi wao katikati ya mzunguko wa barabara. Wetu umempandisha msukuma chukudu, akang'arishwa kwa rangi ya dhahabu. Ukitaka pambo la tairi, nenda ukaliangalie hapo, ni bure.

Hatua ya 6: Mlima

Kwa kazi kubwa kama ukuta na uzio, malighafi huletwa mpaka mlangoni. Nyiragongo, volkeno yetu, ilileta tarehe 10 Januari 1977, ikaleta tena tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Haipokei oda na haitoi taarifa ya kutosha. Mzigo wa 2002 ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya ndege, ukaenda kuzimikia ziwani.

Maelekezo: kimbia. Rudi. Ngoja jiwe lipoe. Lipasue kwa nyundo, panga ukuta. Kama ghorofa ya chini imemezwa, usilie sana. Ya juu sasa ndiyo ya chini, na mlango unaweza kutobolewa palipokuwa dirisha.

Hatua ya 7: Noti (kwa mafundi waliobobea)

Tangu mabenki ya mjini yafunge milango Januari 2025, noti za faranga zimezunguka mkono kwa mkono bila kuzaliwa mdogo wao, mpaka zinachanika. Utahitaji gundi, karatasi laini na mikono isiyotetemeka. Usijaribu kwa dola: dola yenye mchaniko mwembamba kama unywele, hata ukiiombea, muuzaji ataigeuza mara mbili na kukurudishia.

Tahadhari

Wageni wakipita watasema tuna ubunifu wa ajabu. Wajibu asante, ni adabu. Lakini ukimwuliza yule fundi angechagua nini, kisu chake cha moto au bidoni mpya kwa kila nyumba ya mtaa, hatachukua muda kufikiri. Anayefundisha wengine kukarabati kwa kutuliza moyo ana kitu kipya kabatini. Sisi tunakarabati kwa sababu nyumba imehamishwa na moto wa mlima au wa bunduki, na kilichobebeka kichwani ndicho kilichobaki.

Mtihani wa mwisho

Kitu kimoja kimetushinda: sacheti. Serikali ya Kongo iliipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, na wanaovuka kwenda Gisenyi wanajua Rwanda ilitangulia kwa miaka kadhaa. Bado inakuja na mkate, inakwenda na upepo, inaziba mtaro, inaingia ziwani. Ziwa Kivu halina haraka. Linaisukuma kusini mpaka Bukavu, kwenye bwawa la Ruzizi, ambako taka huziba mitambo, na umeme unaokatika unaturudisha kwenye koroboi ya hatua ya 3.

Mafundi wazima wameshindwa, ila watoto wana jibu. Kusanya sacheti, zikunjekunje ziwe donge, zungushia nyingine juu yake, funga kwa kamba mpaka donge lidunde. Huo ni mpira. Anza na mmoja. Kwa jinsi ziwa lilivyojaa, malighafi zinatosha ligi nzima, pamoja na wachezaji wa akiba.