Siku Mbili Bukoba Bila Watoto

Mume na mke wa Muleba wakiaga kwamba wanakwenda kulala Bukoba, majirani huuliza nani amelazwa. Hatujazoea kwenda mjini bila mgonjwa, msiba au harusi. Baba Koku alipowajibu kwamba tunakwenda kupumzika tu, mimi na yeye, jirani mmoja alinivuta kando akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Amani ilikuwepo. Tulichokosa ni nafasi: tangu Koku azaliwe, mazungumzo yetu yalikuwa ya ada, sare na dawa za minyoo.

Watoto tukawapeleka kwa mama mkwe, Kamachumu, kisha tukashuka Muhutwe kudaka Hiace. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba. Mchana tulitembea ufukweni, tukala sato kwa ndizi, tukatazama Kisiwa cha Musira. Mume wangu anajua kusimulia, asipokatizwa.

Jioni ikanyesha, na mvua ilipokatika senene wakaanguka. Usiku kama huo Bukoba nzima hutoka nje. Wafanyabiashara huwasha taa kali juu ya mabati yaliyosimamishwa. Senene hugonga bati, huteleza, hutumbukia kwenye mapipa. Wengine huokota chini ya nguzo za taa kwa ndoo na chupa. Zamani kuwakusanya ilikuwa kazi ya wanawake na watoto, na kuwala haki ya wanaume. Mila hiyo sikuipenda kamwe, na nafurahi kuiona inakufa.

Tulikuwa tumeinama chini ya taa, kanga yangu imejaa, simu ikalia.

"Mama Koku, usishtuke mwanangu."

Hakuna maneno yanayoshtua kuliko hayo. Kumbe Kamachumu nako senene walikuwa wameshuka, watoto wakakimbilia taa ya dukani, na mmoja akaingia sikioni mwa Mugisha. Nilimsikia mwanangu akilia nyuma ya sauti ya bibi yake.

Baba Koku akataka tukodi bodaboda usiku ule, barabara imelowa. Nikakataa, tungeweza tusifike kabisa. Na Mama alikuwa ameshamwita jirani yake, muuguzi mstaafu, akampa simu. Muuguzi akaniuliza kama mtoto amewahi kutokwa usaha sikioni, au kutobolewa ngoma ya sikio. Hajawahi. Basi akamlaza ubavu, sikio juu, akamdondoshea mafuta ya kula ya uvuguvugu ili mdudu afe. Njiti hakugusa, wala kibanio, maana njiti humsukuma mdudu ndani na huweza kutoboa ngoma. Nalisema hili kwa kusisitiza, kwa kuwa msimu wa senene ukifika, njiti ndiyo kitu cha kwanza kutafutwa nyumbani. Kumtoa mdudu kungengoja asubuhi, zahanati.

Simu ikarudi: kilio kimekwisha, mtoto kalala.

Sisi hatukulala. Tukiwa tunasubiri kukuche, Baba Koku akanisimulia habari ya Septemba 10, 2016, siku ya tetemeko. Mimi nilikuwa Bukoba, sokoni, yeye Muleba, na simu hazikushikana. Nilijua kwamba alinitafuta. Sikujua kwamba alipita akichungulia kila nyumba iliyoanguka, akiita jina langu la usichana, wala kwamba aliponiona mzima alizunguka nyuma ya ukuta kulia kabla hajanisogelea. Miaka yote hiyo hakuwa amenieleza. Nyumbani kwetu hapakuwa na saa ya kuyasema mambo kama hayo. Nami nikamweleza yangu, ambayo hayahitaji kuandikwa.

Jumapili tukasali Kanisa Kuu, alikozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kupewa ukardinali, mwaka 1960. Tukawasha mshumaa kwa ajili ya sikio la Mugisha, tukapanda gari.

Tulimkuta mzima. Mdudu ametolewa zahanati, naye amekaa na dada zake jamvini, wananyonyoa mbawa na miguu ya senene, hana habari na sisi. Mama alikuwa jikoni, anawakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Sahani ya kwanza akanipa mimi, mbele ya mwanawe, akasubiri nianze kula.

"Mwende tena Machi," akasema, "kabla hawajaanguka wa Aprili. Na safari hiyo mlale siku tatu."