Tuwaheshimu Wenye Kiu

Wapo wakosa adabu wanaonung'unika kwamba dola 558,000 kwa chupa moja ya mvinyo ni nyingi. Hawajui hesabu. Chupa hiyo ya Romanée-Conti ya mwaka 1945, iliyopigwa mnada New York mwaka 2018, ilitokana na mavuno ya chupa 600 tu; kisha mizabibu ikang'olewa, na shamba halikutoa mvinyo tena hadi 1952. Gawanya bei kwa bilauri sita: kila mgeni anakunywa nyumba moja tu, tena ya kawaida.

Shamba lenyewe, kule Bourgogne, Ufaransa, lina hekta 1.8, kama viwanja viwili na nusu vya mpira. Mwanamfalme wa Conti alilinunua mwaka 1760, mvinyo akaufanya wa meza yake. Yakaja mapinduzi, likataifishwa kwa niaba ya wananchi. Wananchi, bila shaka, wanalifaidi hadi leo.

Huko hulima kwa farasi, trekta lisije likaushindilia udongo. Basi mkulima wetu mwenye plau ya punda asijidharau: si maskini, ni bingwa ambaye bei yake haijasahihishwa.

Na msiniulize ladha. Kitu cha thamani hakinywewi. Hufungiwa gizani kikaombewa bei. Bibi yangu aliyajua hayo zamani: alikuwa na vikombe vya kabatini, vya wageni. Wageni wenyewe hawajafika mpaka leo.