Kaliba ya Bwana Mkubwa

Kumwinda elki, yule kulungu mkubwa wa milima ya Rocky, huanza na ubishi wa kaliba, yaani kipenyo cha risasi. Mwandishi wa uwindaji Jack O'Connor aliipigia debe .270 ya mwaka 1925. Mwandishi mwenzake Elmer Keith akashikilia risasi nene na nzito. Wote wawili wamekufa, ubishi ungali na afya njema. Sheria ya Colorado inaridhika na .24 kwenda juu, lakini mwindaji wetu, bwana mkubwa, haridhiki. Kanunua .300 Winchester Magnum, ambayo humpiga teke begani hata akafumba macho kabla ya kufyatua. Msonobari umejeruhiwa vibaya. Dume la kilo 300 linaendelea na majani yake. Jioni kambini, bega likikandwa, tatizo limeshagunduliwa: kaliba ilikuwa ndogo.