Rangi au Kijivu: Mashaka ya Mpigapicha wa Mandhari Karagita

Upigaji picha wa mandhari, yaani sanaa ya kunasa sura ya nchi pamoja na mbingu, maji na milima yake, humtaka mpigapicha aamue mapema iwapo picha yake itakuwa ya rangi au nyeusi na nyeupe. Picha nyeusi na nyeupe hueleza dunia kwa kiasi cha mwanga pekee, kuanzia weusi kamili, kupitia kila daraja la kijivu, hadi weupe kamili, ilhali picha ya rangi huonyesha pia mwanga huo ni wa aina gani. Vitabu vingi hulichukulia suala hili kuwa la ladha. Katika Karagita, makazi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, huamuliwa na vumbi, viboko na jamaa za mpigapicha, na ladha huulizwa mwisho, ikiwa itaulizwa.

Mashaka ya kwanza hutokea saiba, yaani kwenye vibanda vya kompyuta ambamo watu huchapisha fomu na barua za kuomba kazi. Humo ukurasa wa rangi hutozwa zaidi ya ukurasa mweusi, na bei hiyo imewafunza watu uhakiki wa sanaa kuliko chuo chochote. Mtazamaji anapoonyeshwa Mlima Longonot usio na rangi, haoni msimamo wa kisanaa bali uhaba wa fedha, na swali lake la kwanza, linaloulizwa kwa huruma ya kweli, huwa ni iwapo wino wa printa uliisha. Mpigapicha akieleza kwamba rangi aliziondoa kwa hiari yake, huruma hiyo hugeuka kuwa wasiwasi juu ya afya yake. Wala haisaidii kumweleza mtu huyo kwamba mwaka 2012 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilitoa kamera ya M Monochrom, isiyoweza kupiga picha ya rangi hata ikisihiwa, na kwamba wapo walioinunua kwa maelfu ya dola, kwa kuwa mwenye saiba amekuwa akiuza ukosefu huohuo wa rangi kwa shilingi chache na hajawahi kupongezwa.

Mashaka ya pili hutokana na waridi, zao ambalo wengi wa wakazi wa Karagita huamka alfajiri kwenda kulikata na kulifungasha. Programu inayogeuza rangi kuwa kijivu hupima ung'avu, yaani nguvu ya mwanga kama jicho la mwanadamu linavyouhisi katika kila rangi, na katika hesabu hiyo kijani hupewa uzito mkubwa kuliko zote, nyekundu hufuata, na buluu huambulia salio. Kwa sababu hiyo waridi jekundu na majani yake, ambavyo jicho huvitenganisha kutoka mbali, huweza kuangukia kijivu kimoja, na ua likazama ndani ya kichaka chake. Mpigapicha aliyekusudia kuonyesha safu za waridi zikinyooka hadi mwisho wa grinhausi huishia kutuma nyumbani kitu ambacho jamaa zake wa Kisii na Kakamega hukitambua mara moja kuwa ni sukuma wiki, nao humpongeza kwa kupata shamba.

Dawa ya tatizo hilo ni kichujio chekundu, yaani kioo kinachowekwa mbele ya lenzi ili kipitishe mwanga mwekundu na kuuzuia mwingine, ambacho hulifanya ua jekundu ling'ae na majani yake yawe meusi. Kichujio hicho huitia giza pia anga ya buluu, na Mmarekani Ansel Adams alikitumia mwaka 1927 alipoupiga picha mwamba wa Half Dome huko Yosemite, anga ikatoka karibu nyeusi na jina lake likavuma. Huko Yosemite, hata hivyo, Adams hakuwa na kundi la familia katika WhatsApp. Mwaka 2020 maziwa ya Bonde la Ufa yalipofurika, na maji ya Naivasha yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, jamaa walio mbali walijifunza kuiogopa anga ya Naivasha, hivyo picha ya Longonot chini ya mbingu nyeusi huzua simu zisizokoma hadi usiku wa manane, mjomba mmoja akishauri godoro lipandishwe juu ya kabati. Mpigapicha akijitetea kwamba siku ile jua lilikuwa kali, huambiwa asiwafiche wazee mabaya.

Mtu anaweza kudhani kwamba rangi ni kimbilio salama, lakini dhana hiyo haivuki mwezi wa Januari. Udongo wa eneo hili umetokana kwa kiasi kikubwa na majivu ya volkano, na wakati wa kiangazi malori na matatu huupeperusha hadi ukatua juu ya migunga, mabati, mbuzi na nguo zilizoanikwa, ukavipa vyote rangi moja. Mpigapicha hulipia ukurasa wa rangi, naye hukabidhiwa kijivu kwa bei ya rangi. Katika msimu huo anayenufaika ni punda milia wa hifadhi ya Hell's Gate peke yake, mnyama aliyekwisha kujiamulia suala hili na ambaye hatoki tofauti kwa njia yoyote ile.

Kijivu nacho kina hatari yake, na hatari hiyo ina uzito wa zaidi ya tani moja. Simu au kamera iliyowekwa katika hali ya nyeusi na nyeupe huonyesha dunia bila rangi kwenye kioo chake, na vitabu humshauri mpigapicha aweke kitu kizito mbele ya ziwa, mathalani jiwe, ili jicho lipate pa kuanzia. Kiboko aliyetulia kwenye maji ya kina kifupi ana umbo na kijivu cha jiwe hilo, na wekundu hafifu unaozunguka macho na masikio yake, ambao ungemsaliti, umekwisha kuondolewa na mpigapicha mwenyewe. Kwa kuwa viboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, saa ileile ambayo vitabu huisifu kwa uzuri wa mwanga wake, jiwe hupiga miayo kabla ya picha kukamilika, na kumbukumbu inayobaki huwa ni picha ya nyasi, iliyopigwa kwa kasi na kwa pembe ambayo hakuna kitabu kinachoipendekeza.

Haki inadai pia kwamba rangi itetewe pale inapobeba maana. Heroe wa Ziwa Elementaita hupata wekundu wake kutokana na viumbe vidogo vya majini anavyovila kila siku, na kumgeuza kijivu ni kumdhulumu ndege aliyefanya kazi ya kula maisha yake yote ili apendeze. Rangi yenyewe haikupatikana kwa urahisi, kwani bamba la kioo la Autochrome, ambalo ndugu Lumière wa Ufaransa walianza kuliuza mwaka 1907, lilifunikwa kwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi, na mwanga ukachujwa na chembe hizo kabla ya kufika kwenye dawa ya picha. Inawezekana basi kwamba gunia moja la waru, yaani viazi, kutoka Kinangop lina picha nyingi za mandhari kuliko maonyesho yoyote, ingawa Karagita, kwa sababu zinazoeleweka, imechagua chipsi.

Kanuni inayotokana na mashaka haya ni kwamba mpigapicha aulize vitu vilivyo mbele yake vinatenganishwa na nini. Mifereji ya ubavu wa Longonot, inayochorwa na mwanga na kivuli cha jioni, haipotezi chochote kwa kuachwa bila rangi, ilhali magome ya manjano ya migunga ya ufukweni, yaliyozungukwa na majani ya kijani, hupoteza karibu kila kitu. Swali hilo lakini huhitaji muda, nao muda ni mfupi, kwa sababu karibu na ikweta jua huzama wima na giza huingia upesi, na kama wahenga walivyosema, mchagua jembe si mkulima. Wataalamu kwa hiyo hushauri picha ihifadhiwe kama faili ghafi, yaani faili inayobeba habari zote zilizokusanywa na kamera bila kuzipunguza, ili uamuzi ufanywe baadaye nyumbani. Ushauri huo ni mzuri, ila faili ghafi huchukua nafasi kubwa, na simu ya Karagita huwa imekwisha kujaa mahubiri, matangazo ya chama na maua ya kutakiana asubuhi njema. Mpigapicha aliyekwepa kuchagua kati ya rangi na kijivu hujikuta akilazimika kuchagua kati ya Mlima Longonot na video ya harusi ya binamu yake, na hakuna mtaalamu wa picha, hata awe shupavu kiasi gani, aliyewahi kuandika kwamba harusi ya binamu ifutwe.